Kompyuta ya mwalimu imechoka: achukue i7 ya shemeji, mpya ya kaka, au asikilize la mume?

Assalamu alaykum ndugu mshauri,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Nafundisha Jiografia na Kiswahili, na mwaka jana nilianza shahada ya pili kwa masomo ya masafa, kwa hiyo usiku watoto wakishalala ndipo napata wasaa wa kuandika tasnifu yangu.

Kompyuta yangu mpakato niliinunua 2015. Prosesa yake (ubongo wa mashine) ni i5-5200U, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni GB 4, diski ya GB 500, na ina Windows 10. Imenifaa sana, lakini sasa imechoka. Naiwasha, naenda kuteleka chai, nikirudi bado inazunguka. Betri haishiki hata robo saa. Na tangu mwezi uliopita imeanza kulia ndani, tak tak tak, halafu inaganda mpaka niizime kwa nguvu. Fundi mmoja hapa mjini ameniambia niilete aipige Windows upya.

Kibati (upatu) cha walimu wenzangu kimenifikia, na nikichanganya na fungu langu la karafuu nina shilingi laki tisa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mume wangu anasema hii hii itengenezwe, pesa zilizobaki tumalizie paa la jikoni. Shemeji yangu aliyeko Unguja amenionea mashine sokoni Darajani, na muuzaji ameandika hivi: "i7-4600U, RAM 8, diski TB 1, kali sana, laki sita na nusu." Shemeji ameshatoa arubuni elfu hamsini kwa mfuko wake ili isiuzwe. Na kaka yangu aliyeko Muscat ananiambia niachane na mitumba, yeye ataniletea mpya ya kwenye boksi akija likizo. Ameiona dukani kwa bei ya punguzo: Celeron N4020, RAM 4, hifadhi ya eMMC ya GB 64.

Wote watatu wananitakia mema na sitaki kumvunja moyo hata mmoja, hasa shemeji aliyekwisha kutoa pesa. Nichukue ipi? Na hii kuukuu, je, itamfaa binti yangu aliye Kidato cha Pili?

Mwalimu wa Wete

*

Waalaykumu salaam, mwalimu.

Kabla ya i7, Muscat na paa la jikoni, nishughulikie ule mlio. Usiku huu usiandike tasnifu. Ule tak tak ni wa diski. Ndani ya diski ya aina yako mna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa kidogo kinachosoma. Kikianza kugonga hivyo kisha mashine ikaganda, mara nyingi ndiyo inaaga. Inaweza kwenda miezi mitatu, inaweza isifike kesho.

Chukua flashi safi ya GB 64 au diski ya nje. Uwashe kompyuta mara moja tu, na unakili kwa mpango huu: kwanza folda ya tasnifu, pili alama za wanafunzi na mitihani, tatu picha za familia. Usivute kila kitu kwa mpigo mmoja, kwa sababu ikifa katikati ya njia utakuwa umeokoa video za harusi na tasnifu imebaki. Tasnifu uiweke pia kwenye Google Drive, ambako kila akaunti hupewa GB 15 bure; sura ulizoandika hazitajaza hata kona yake. Kisha hamisha flashi kwenye kompyuta ya mwenzako na uyafungue mafaili, uone kweli yanafunguka.

Na yule fundi, msubirishe. Kupiga Windows upya kwenye diski inayogonga ni kuifanyisha kazi nzito kuliko zote ikiwa mahututi, na kawaida ya upigaji huo ni kufuta kila kilichomo. Simlaumu, ndiyo dawa wanayopewa wengi mashine ikiwa nzito. Lakini ugonjwa wako hauko kwenye Windows.

Ukishaokoa vitu vyako, sasa tuje kwenye ununuzi.

Nianze na mashine ya Darajani kwa sababu pesa imeshatoka. Watu wengi huisoma ile "i7" wakaishia hapo, na wauzaji wanalijua hilo. i3, i5, i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja; hayasemi mashine ni ya lini. Umri wake umeandikwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari. i7-4600U inaanza na 4: ni kizazi cha nne, prosesa iliyotoka 2013. Sasa soma ya kwako: i5-5200U, kizazi cha tano, ya 2015. Mwalimu, mashine unayotaka kuletewa imezaliwa kabla ya hiyo unayotaka kuiacha. Zote mbili zina viini (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) viwili viwili. Ukikaa nayo ukafungua tasnifu, Excel ya alama na kikao cha Zoom kwa pamoja, utaona afadhali kidogo kwa sababu ya RAM 8, lakini hiyo diski yake ya TB 1, kama haikutajwa kuwa ni SSD (hifadhi isiyo na sahani), basi ni ileile ya sahani ya kuzunguka, na chai utaendelea kuteleka.

Halafu kuna suala la Windows. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizo i5 na i7, inakubali kuanzia kizazi cha nane. Kizazi cha nne hakimo, cha tano hakimo, na hata cha saba kimeachwa karibu chote. Fundi atakuambia anaweza kuipachika kwa nguvu. Ni kweli inapachikika, lakini Microsoft haiahidi kuzipa masasisho mashine zilizopachikwa hivyo. Kwa mtu wa kuandika barua mbili kwa mwaka pengine ningenyamaza. Wewe ni mwalimu. Kompyuta yako inachomekwa flashi za chumba kizima cha walimu, na ndani yake mna mitihani ambayo haijafanywa. Kwako wewe, mashine isiyopata masasisho ni mlango usio na komeo.

Kwa hiyo hiyo usiichukue, hata ikishuka laki nne.

Ya kaka yako wa Muscat ina kosa la upande wa pili. Ni mpya kweli, na Windows 11 inaikubali, lakini ni dhaifu tangu kiwandani. Celeron N4020 ina viini viwili vya daraja la chini. RAM 4 ni kipimo cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali kuingia, wala si kipimo cha kufanyia kazi, na kwenye mashine za namna hii mara nyingi RAM huwa imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki. Hiyo eMMC ya GB 64 nayo ni hifadhi ya bei nafuu. Windows yenyewe na masasisho yake itakula sehemu kubwa, na baada ya miezi michache utaanza kufuta picha ili upate nafasi ya sasisho moja. Hiyo itamfaa mtoto wa madrasa anayesoma PDF. Kwa mwandishi wa tasnifu ni mateso yenye harufu ya boksi jipya.

Mumeo ana haki nusu, nami nitairudia nusu yake baadaye kwa sababu ni nusu nzuri. Kompyuta yako inatengenezeka. Lakini kwa kazi zako, na kwa vile shahada itakushika miaka kadhaa, ningekuwa wewe ningenunua nyingine.

Unachotafuta ni mashine iliyotumika, ya daraja la maofisini, ya kizazi cha nane au zaidi, yenye SSD ya GB 256 na RAM 8 inayoweza kuongezwa. Majina yanayoonekana sana madukani ni HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Hizi zilitengenezwa kwa makampuni, zinafunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, vipuri vyake vinapatikana, na bawaba zake hazivunjiki kirahisi kwa kufunguliwa na kufungwa. Mfano mmoja wa kuulizia kwa jina ni EliteBook 840 G5. Hiyo G5 mara nyingi ni ya kizazi cha nane, ila hakikisha kwa namba ya prosesa. Ukiambiwa G3, hiyo ni cha sita, rudi nyuma. Mwingine ni ThinkPad T480, ambayo naipendea Pemba kwa sababu moja: ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma unaichomoa kwa mkono bila kufungua hata skrubu. Ikichoka unaagiza nyingine, inakuja kwa meli, unaipachika mwenyewe.

Prosesa utakayoikuta humo mara nyingi ni i5-8250U. Ina viini vinne dhidi ya viwili vya ile i7 ya Darajani. Ndiyo maana nasema i5 ya 2017 inaiacha mbali i7 ya 2013. Na uwe makini na namba za baadaye: i5-10210U ni kizazi cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja, kwa hiyo kuanzia kumi unasoma tarakimu mbili za mwanzo. Nimewaona watu wakiiacha 1135G7 nzuri kabisa kwa kudhani hiyo 1 ni kizazi cha kwanza. Ukikutana na AMD Ryzen, prosesa za kampuni nyingine, kaa kwenye 3000 kwenda juu, kwa mfano Ryzen 5 3500U.

Kama pesa inakubana, punguza popote, ila usipunguze SSD. Diski ya sahani hukimbiza kichwa chake huku na huko kutafuta kila kipande, kama karani mmoja anayetumwa stoo faili moja moja. SSD haina kinachozunguka wala kinachokimbia, ndiyo maana mashine ileile inawaka kwa sekunde badala ya dakika. Na haina cha kugonga tak tak, ingawa nayo hufa, kwa hiyo nakala zako za Drive zisikome.

Sasa shemeji. Nimeifikiria sana sehemu hii ya barua yako, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Usimwambie kwamba amekosea. Alisimama juani Darajani kwa ajili yako, akatoa elfu hamsini isiyokuwa yako. Mpigie simu, usimwandikie, umshukuru kwanza. Kisha mweleze kwamba kazi yako inahitaji Windows 11 inayopata masasisho, na mashine ile haiwezi kwa sababu ni ya kizazi cha nne. Huo ni ukweli wa mashine, haumgusi yeye. Mwombe aulize kama dukani kuna ya kizazi cha nane, ili arubuni ihamie huko. Wauzaji wengi watapenda kukuuzia nyingine kuliko kurejesha pesa. Wakikataa, mrudishie shemeji elfu hamsini yake kwenye simu siku hiyohiyo, bila kungoja aiulize. Ni bora kupoteza elfu hamsini kuliko kuifuata kwa laki sita.

Na umpe kazi ya kukukagulia, kwa kuwa wewe uko Wete na yeye yuko hapo. Akiwa dukani, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aende sehemu ya Performance, akupigie picha ukurasa wa CPU, wa Memory na wa Disk. Hapo jina kamili la prosesa litaonekana, na diski itaandikwa SSD au HDD. Stika ya nje asiitazame, stika hubandikwa na mtu yeyote.

Kisha aandike cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, afungue, aandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kumwonesha ilipoihifadhi. Ndani yake kuna namba mbili: Design Capacity, ambayo ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, ujazo wa leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki asilimia 60. Chini ya hapo, bei ipunguzwe kwa gharama ya betri mpya. Umeme wa Pemba unakuja kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika huna pa kwenda; betri kwako si pambo. Vilevile aipapase mashine chini na sehemu ya kuwekea kiganja. Ikiwa pameinuka au kasha limeachia kidogo, betri imevimba, na hiyo ni hatari ya moto. Asiichukue mpaka itolewe.

La mwisho ndilo linalosahauliwa, na lina maumivu. Mashine hizi zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Marekani, na baadhi zinakuja zikiwa bado zimefungwa kwa mwenyewe wa kwanza. Amwambie muuzaji airejeshe mwanzo kabisa mbele yake, kisha aiwashe na kuiunganisha na wifi au bando la simu wakati inapouliza lugha na nchi. Ikitokea jina la kampuni na kumtaka aingie kwa anwani ya kazini, hiyo bado ni mali ya watu, aiache mezani. Aingie pia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla ya Windows) wakati inawaka, kwa F10 ikiwa HP, F2 ikiwa Dell, F1 ikiwa ThinkPad, na ahakikishe haiulizi nenosiri. Baada ya hapo abonyeze kibodi herufi moja moja, achomeke flashi kila tundu, afungue kamera. Nusu saa yote. Muuzaji atakayekunja uso kwa nusu saa, hata akirudishiwa mashine baada ya wiki atakunja vilevile.

Risiti iandikwe jina kamili la mashine, namba yake ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya kasha, na siku za dhamana. Wewe ukiwa Pemba, dhamana ya siku saba ni kama hakuna, maana meli na shughuli za skuli zitakula siku zenyewe. Omba mwezi.

Kaka yako naye usimkatalie msaada, ubadilishe tu. Mwambie mashine unaipata nyumbani, ila akija akuletee RAM ya GB 8 ya kuongezea, ya aina ya DDR4 kama mashine itakuwa mojawapo ya hizo mbili nilizozitaja, na betri halisi ikiwa ripoti itasema iliyopo imechoka. Akisisitiza kuleta kompyuta, mpe vipimo hivi hivi: kizazi cha nane kwenda juu, RAM 8 au 16, SSD 256. Plagi za Oman ni za pini tatu kama zetu, hiyo haitasumbua. Usumbufu ni kwamba mashine ikileta matatizo, duka liko ng'ambo ya bahari kubwa kuliko ya Unguja.

Nimerudi kwa mumeo. Amesema itengenezwe, na kwa binti yenu jibu ni ndiyo. Itolewe hiyo diski inayogonga, iwekwe SSD ya inchi 2.5 ya GB 240, na RAM iongezwe ifike 8. Mwambie fundi RAM yake ni DDR3L. Akileta DDR4 hata tundu halitaikubali, mkato wake uko mahali pengine. Betri inaweza kungoja, mtoto atasomea karibu na soketi. Kazi hii ni gharama ndogo ukilinganisha na kununua, na mumeo ataona neno lake limesikilizwa na huenda bati mbili tatu za paa zikapatikana.

Kuhusu Windows ya huyo mtoto, mna njia mbili. Windows 10 ina mpango wa nyongeza ya masasisho kwa watumiaji wa nyumbani, unaofika 13 Oktoba 2026. Unajiunga ndani ya Settings, sehemu ya Windows Update, ukiwa na akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo, au hata kuanzia sasa, awekewe Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, pamoja na LibreOffice, programu za kuandikia na mahesabu, vyote bure, na mashine ya 2015 yenye SSD inavibeba bila shida. Mtoto wa Kidato cha Pili atavizoea haraka kuliko sisi. Nisingemwekea programu za ofisi za kuvunjwa kufuli. Mara nyingi virusi vinaingia kupitia humo humo.

Ile diski kuukuu usimwachie fundi. Ina alama za watoto wa watu na mitihani yako. Ikae kabatini kwako miezi miwili mitatu mpaka uwe na yakini kwamba hukusahau kitu, kisha mumeo aitoboe kwa keekee, matundu matatu yanayopita kwenye sahani, ndipo itupwe.

Mshauri wako